Saini Iliyotangulia Picha

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, lakini nakuonya mapema kwamba sikuja kuambiwa nikamwombe mjomba radhi, maana hilo nimeshaambiwa na mama, na mama zangu wadogo wawili, na hata jirani aliyekuja kuazima ngazi akakuta tunagombana, akaona naye achangie, na wote nimewapa jibu moja tu, sirudishi.

Ninachokataa kurudisha ni karatasi moja. Mimi ni mpiga picha, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nafanya kazi kwenye studio ya mjomba wangu, aliyezaliwa tumbo moja na mama, ambaye mtaa mzima unamwita Flashi tangu enzi za filamu, na sitaki unielewe vibaya, mjomba ndiye aliyenishika mkono, nilipomaliza shule nikiwa sijui niende wapi yeye ndiye aliyenipa kitambaa cha kufutia lenzi, akanifundisha kuusoma mwanga, akanifundisha kumwambia mteja ashushe kidevu bila kumkasirisha, na kila ninachokijua katika kazi hii nimekipata kwake, pamoja na kosa ninalotaka kukusimulia.

Kwanza kuna mkataba wangu mimi na yeye. Miaka sita iliyopita, tukiwa kwenye kaunta, aliniwekea kurasa tatu kati ya mkasi wa picha za pasipoti na chupa ya gundi, akasema, "Saini hapo mwanangu, ni makaratasi ya ofisi tu, mimi na wewe tuna haja gani ya kusomeana?" nami nikasaini nimesimama, huku mteja ananiuliza kama picha zake zimekauka, na zile kurasa tatu nimezisoma kwa mara ya kwanza wiki mbili zilizopita. Kifungu cha tano kinasema kila picha itakayopigwa ndani ya studio, au kwa kamera ya studio, ni mali ya studio. Kwa maneno mengine, miaka sita nimekuwa nikibonyeza kitufe cha mtu mwingine.

Halafu kuna fomu ya ridhaa, na hapa ndipo naomba usinikatishe. Kwetu mteja anayetaka picha ya heshima anakuja kwanza kuweka miadi, na siku hiyo hiyo ya miadi tunamsainisha vitu viwili kwa kalamu moja, daftari la miadi na fomu ya kukubali kwamba picha yake itumike kwenye matangazo, ila kwenye fomu ile mistari ya kueleza ni picha gani na itatumika wapi tunaiacha tupu, tunaijaza wenyewe baadaye. Mjomba alikuwa na sababu zake, anasema siku ya picha mteja amejipamba, ana haraka, anaogopa jasho lisimharibie poda, ukimletea makaratasi atakunja uso na uso huohuo ndio utakaoupiga picha, kwa hiyo msainishe akiwa bado mtulivu. Na mimi nilikuwa na sentensi yangu, nimeisema mpaka imekuwa kama salamu, "Weka saini hapa na hapa, ni utaratibu tu." Mara nyingi tulijaza "picha ya dirishani" na mtu akajiona amening'inia dirishani kwetu akafurahi, akawaleta na ndugu zake wamwone, kwa hiyo hakuna aliyewahi kulalamika, na mimi sikuwahi kuona ubaya wowote.

Akaja mteja mmoja ambaye nitamwita Mwalimu, ingawa siyo kazi yake, nimembadilishia ili asijulikane. Alikuja Jumatatu, amefunga kitambaa kichwani mpaka karibu na nyusi, akataka apigwe picha Alhamisi, kwenye chumba cha ndani, mlango umefungwa, na mpigaji awe mwanamke. Nikamwandikia miadi, nikamsukumia daftari na fomu. Akasaini daftari, akaishika ile fomu, akauliza, "Na hii ya pili ni ya nini?" Nikamjibu bila hata kuinua macho, "Utaratibu tu, dada." Akasaini. Mshauri, neno hilo linanichoma kila nikilikumbuka.

Alhamisi alikuja, nikafunga mlango, akavua kitambaa. Hakuwa na unywele hata mmoja. Akaniambia ameumwa mwaka mzima, ametibiwa hospitali ya serikali, amekaa kwenye mabenchi yale mpaka akayajua kwa nyufa zake, sasa madaktari wamemwambia amepona, na kabla nywele hazijarudi anataka kujiona alivyo sasa. "Hii ni yangu na binti yangu," akasema. "Nje ya chumba hiki haitoki." Nikamwambia haitoki, na nikasema kwa kumaanisha. *[Mistari miwili imeondolewa kwa ombi la mhusika. – Mshauri]* Nilitumia taa moja tu na kitambaa cheusi nyuma yake, yeye hakucheka wala hakulia, aliitazama kamera kama anayemtazama mtu aliyemdharau, na nilipomaliza nilijua sijawahi kupiga picha nzuri kama ile na pengine sitapiga tena. Kisha nikaihamishia kwenye kompyuta ya studio kama ninavyohamisha picha zote, maana ndiyo kazi, na ndipo mjomba alipoiona.

Wiki iliyofuata alikuja mtu wa matangazo wa kliniki moja ya binafsi, alikuja kwa ajili ya picha za wauguzi wao tu, mjomba akamfungulia ile picha amwonyeshe tunachoweza kufanya, na yule bwana akasahau wauguzi. Wanataka kuiweka kwenye bango kubwa pale kwenye mzunguko wa barabara, kichwa cha Mwalimu kirefu kuliko nyumba, na chini yake maneno, "Nilipona hapa." Hajawahi kukanyaga mlango wao! Wakili wa kliniki aliuliza kitu kimoja tu, kama kuna ridhaa iliyosainiwa. Mjomba akaenda kwenye faili, akaitoa fomu ya Mwalimu, akakaa kwenye kaunta na kalamu yake ya wino wa bluu, na kwa mwandiko wake mzuri akaijaza mbele ya macho yangu, picha namba fulani, bango la barabarani.

Nikamwambia, "Mjomba, huyu alisaini kabla hajapigwa picha."

"Wote wanasaini kabla. Leo ndiyo umeona?"

"Nilimwahidi haitoki."

"Ahadi ya mdomo haina muhuri. Saini yake si hii hapa? Na picha ni yangu mimi, kasome mkataba wako."

Nikausoma. Na alipotoka kwenda kumpokea bibi harusi, nikaichukua ile fomu, nikaitia kwenye bahasha, nikachukua na pochi yangu, nikatoka kwa mlango wa mbele kama mteja. Iko nyumbani, ndani ya albamu ya harusi ya mama, nyuma ya picha ambayo mjomba mwenyewe aliipiga.

Sasa mjomba anasema mimi ni mwizi na atanipeleka polisi. Mama anasema, "Huyo ndiye aliyekufanya mtu, leo unanigombanisha na ndugu yangu kwa ajili ya mgeni? Kapige magoti umrudishie karatasi yake." Mimi magoti yangu nayatumia kupigia picha watoto wadogo, kwa mjomba siyapeleki. Lakini jana alinitumia ujumbe ulionikosesha raha, anasema nikae nayo tu, kliniki imempa mpaka mwisho wa mwezi, na nisipoirudisha atampigia Mwalimu simu aje asaini nyingine, atamwambia ya kwanza imepotea. Ameandika hivi: "Nitamwambia ni utaratibu tu."

Kwa hiyo naomba uniambie, je, mimi ni mwizi? Kifungu cha tano kinampa mjomba haki ya kichwa cha mtu? Na ile fomu niichome moto leo yaishe? Mwalimu mwenyewe hajui lolote, sitaki kumsumbua kwa sababu ndiyo kwanza anapata nguvu. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya barua. Nijibu haraka, na tafadhali usinitume kwa mjomba.

Ni mimi, Mpwa Mkaidi.

Shangazi wa Ukurasa wa Nane anajibu:

Mpwa Mkaidi, weka kiberiti chini.

Umenifurahisha na umeniudhi, na nitaanza na lililoniudhi kwa sababu ndilo lenye haraka. Habari hii anaijua mama yako, wanaijua mama zako wadogo, naijua mimi, anaijua hata mwenye shida ya ngazi. Asiyeijua ni mwenye kichwa peke yake. Unasema hutaki kumsumbua. Mwanangu, acha kujidanganya, huogopi kumsumbua, unaogopa kumtazama usoni na kumwambia kwamba ile karatasi ya pili aliyoiulizia wewe ndiye uliyemjibu ovyo. Aliuliza! Wengine wote walisaini kimya, huyu akauliza, na wewe hata macho hukuinua. Kosa la mjomba nitalifikia, lakini hili ni lako, libebe mwenyewe.

Na ona mahali ulipofika kwa kunyamaza. Mjomba wako anataka kumwita asaini fomu nyingine kwa maneno yaleyale uliyotumia wewe. Ukichoma hiyo uliyonayo, atapata mpya, safi, yenye tarehe nzuri, na wewe utabaki na majivu na kesi ya wizi. Hakuna kitu unachoweza kuficha kwenye albamu kitakachomzuia. Anayeweza kumzuia ni Mwalimu, na hawezi kukataa jambo ambalo hajaambiwa.

Sasa tuitazame hiyo fomu, maana umeilalia wiki mbili bila kuiona. Barua yako ilipofika nilikupigia simu hapohapo, unakumbuka, nikakuuliza, "Pembeni ya saini yake kuna tarehe?" Ukasema subiri. Nikasikia kurasa za albamu. Ukarudi, ukasema, "Ipo, Shangazi. Ameandika mwenyewe. Ni ya Jumatatu." Halafu ukaisoma tena kwa sauti, nami nikajua umeelewa. Mwanamke huyu, kwa mujibu wa mjomba wako, aliridhia Jumatatu bango la picha ambayo ilipigwa Alhamisi. Daftari la miadi linasema Alhamisi. Kompyuta ya studio inasema Alhamisi. Juu ya saini yake kuna wino mwingine na mwandiko mwingine ambao mtaa mzima unaujua, kwa sababu ndio ulioandika kibao cha studio. Hiyo ndiyo karatasi uliyotaka kuichoma! Mjomba wako ndiye angepaswa kuwa na kiberiti.

Kuhusu wizi sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Karatasi ni ya studio na uliichukua bila ruhusa, na sababu nzuri haiigeuzi kuwa yako. Kwa hiyo isikae kwako. Ipige picha mbele na nyuma, hiyo si ndiyo kazi yako, tarehe isomeke vizuri, kisha ipeleke kwa wakili pamoja na kurasa zako tatu. Mahakamani kuna ofisi ya msaada wa sheria kwa wasio na wakili wao, anzia hapo. Wakili amwandikie mjomba kwamba fomu ipo, imetunzwa, na akiitaka aje aieleze. Mwenye nia ya kuiba haachi anwani.

Kuhusu kifungu cha tano, nilimuuliza mwanasheria wa gazeti letu, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Aliniambia mambo mawili, na wakili wako atakueleza sheria ya kwenu inavyoyasema. La kwanza, kumiliki picha ni jambo moja, na kuutumia uso wa mtu kuuzia kitu ni jambo jingine, na kifungu chako kinazungumza na wewe, hakizungumzi na Mwalimu, yeye hakusaini kurasa zako tatu. La pili, mtu hawezi kusemwa ameridhia jambo ambalo lilikuwa bado halijaandikwa alipoweka saini. Mimi naongeza la tatu, ambalo halihitaji shahada. Yale maneno mawili ya kwenye bango ni uongo mtupu, na wakili wa kliniki akijua kwamba ni uongo hatataka jina lake lisimame karibu nayo. Hajui. Aliuliza kuhusu saini, hakuuliza kuhusu ugonjwa.

Mama yako mwambie hivi, na umwambie kwa adabu: hukumkataa ndugu yake, umekataa jambo moja alilotaka kulifanya. Akisema umemkosea heshima aliyekufundisha kazi, mjibu kwamba yeye ndiye aliyekufundisha kumtazama mtu vizuri kabla ya kubonyeza. Magoti usipige. Hapo tupo pamoja. Lakini usijifanye shujaa asiye na doa pia, maana ndani ya lile faili kuna fomu nyingine nyingi zenye mistari mitupu, na sauti iliyozikusanya ni yako. Kaa uandike majina yote unayoyakumbuka. Wote waambiwe kwamba fomu zao zipo na wana haki ya kuzidai. Itachukua muda. Utaona aibu mara nyingi. Sawa.

Na usirudi kwenye ile kaunta. Unayo mikono na unayo macho, anza na chumba kimoja. Siku utakayofungua chako, fomu ya ridhaa isitoke kwenye droo mpaka mteja ameketi, ameiona picha yenyewe, ameambiwa itawekwa wapi na kwa muda gani, na akisema hapana unamwambia asante. Nakala moja aondoke nayo. Na mkataba wowote utakaoletewa wewe, hata ukiletwa na mama aliyekuzaa, usome umekaa, mkasi ukiwa mbali, wanaosubiri wasubiri.

Sasa wasomaji wangu, nina neno na ninyi, kwa sababu najua mnajiuliza swali ambalo nami nilijiuliza. Kama yule mwanamke alisema nje ya chumba haitoki, mbona habari yake iko kwenye ukurasa wa nane? Nilimwambia Mpwa Mkaidi kwenye simu ileile kwamba barua hii sitaichapa mpaka Mwalimu aisome yote, na akisema hapana naitupa kapuni na majibu yangu pamoja. Alilia kidogo. Halafu akaenda.

Alikwenda Jumamosi asubuhi na barua mkononi, ileile aliyoniandikia, niliyomrudishia kwa kazi hiyo. Mwalimu aliisoma akiwa amesimama mlangoni, mwanzo mpaka mwisho, akaanza tena mwanzo, bila kumkaribisha. Mpwa anasema alitamani atukanwe, ingekuwa nafuu. Kisha Mwalimu akamwambia, "Ingia. Una kalamu?" Na palepale mezani, huku binti yake anamtafutia bahasha, akaiandikia kliniki barua ya mistari mitatu, ambayo ameniruhusu niinukuu: "Sijawahi kutibiwa kwenu. Sijawahi kuwapa uso wangu. Mkiuweka barabarani, nitakuja kusimama chini yake na kumwambia kila anayepita nilipotibiwa." Ijumaa iliyofuata wakili wao alijibu kwa mstari mmoja, kwamba tangazo limesitishwa.

Mjomba hajasema na mpwa wake mpaka leo. Nilimpigia nisikie upande wake, akaniambia anashughulika. Lakini Jumatatu Mwalimu alikwenda studio mwenyewe, akavua kitambaa pale mapokezi mbele ya watu, akamwomba aifute picha kwenye kompyuta huku anaangalia, na aliifuta. Picha moja tu iliyosafishwa kwenye karatasi iko kwa Mwalimu, chumbani kwake, ilipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Mpwa, uliniomba nikwambie kama amekusamehe. Sijui, hakuniambia, na mimi sikumuuliza. Utajua mwenyewe kama atakupa miadi nywele zikirudi.

Kuna kitu kimoja alichonirudishia. Ni barua yako, ile ile, imekunjwa mara nne, mistari miwili imekatwa kwa kalamu mpaka haisomeki. Chini kabisa, kwa mwandiko wake, ameandika: "Nimesoma yote. Iliyobaki ichapwe. Picha, hapana." Halafu ameweka saini, na pembeni yake tarehe. Nimeilinganisha na kalenda yangu ya ukutani. Ameisaini Jumanne, siku tatu baada ya kuisoma.